Chatu akitulia mkononi, usishangilie bado

Siku za Nanenane mtoto wa kaka yangu alinitumia video ya sekunde 40 kutoka viwanja vya Ipuli, hapa hapa Tabora. Yumo katikati ya duara la watu, vumbi hadi magotini, shingoni kavishwa chatu wa urefu wa mita moja na nusu hivi. Anacheka. Chini ya video kaandika: "Shikamoo shangazi. Ona alivyonizoea, dakika mbili tu!"

Niliitazama mara tatu. Nimefundisha baiolojia miaka mingi na ugonjwa wa ualimu hauponi: mtu anakuonyesha furaha yake, wewe unatafuta kosa. Mara ya kwanza nilimwona kijana. Mara ya pili nilimwona nyoka. Mara ya tatu nilitafuta ulimi wa nyoka, nikaukosa. Sekunde zote 40 haukutoka hata mara moja. Kichwa kilikuwa kimesukumwa chini ya mkunjo wa mwili, shingo imevutwa nyuma, na mbavu zinapanda na kushuka kama mvukuto wa mhunzi. Nikamjibu: "Marahaba mwanangu. Mrudishe kwa mwenyewe taratibu, na usimpapase kichwani."

Alinuna. Hakung'atwa, na kwake huo ukawa ushahidi kwamba shangazi anazeeka. Aliyeng'atwa ni kijana mwingine, karibu saa moja baadaye. Chatu alikuwa amerudishwa sandukuni, kwenye giza na joto, amepumzika. Kijana yule alitoka moja kwa moja kwenye banda la kuku wa kuchoma, vidole vinang'aa mafuta, na kifuniko kilipofunguliwa akawa wa kwanza kuingiza mkono. Chatu alimdaka kiganja na kukizungushia mwili mizunguko miwili. Umati ukapiga kelele kwamba nyoka kapandwa na hasira.

Kwa hiyo nyoka mmoja, alasiri moja, alisomwa vibaya mara mbili. Mara ya kwanza hofu yake iliitwa mazoea. Mara ya pili njaa yake ikaitwa hasira. Ukiweza kuyatenganisha mambo haya umeshaelewa sehemu kubwa ya tabia ya nyoka anapokuwa mikononi mwa binadamu, awe wa maonyesho Ipuli au wa kufugwa kwenye tangi la kioo ughaibuni.

Kung'ata huja mwisho

Nyoka akikutana na kiumbe kikubwa kuliko yeye, kitu cha thamani anachoogopa kukipoteza ni kichwa. Macho yamo humo, mdomo humo, pua humo, na kiungo cha kunusia kilichoko kwenye kaakaa, kiitwacho kiungo cha Jacobson, kimo humo humo. Hana mkono wa kujikingia wala mguu wa kurushia teke. Kung'ata kwake ni kukipeleka kichwa hicho hicho kwa adui, tena kwa meno membamba yanayokatika. Wenye sumu wana gharama ya ziada: sumu hutengenezwa mwilini polepole, na ile aliyoimwaga kwenye buti lako hatakuwa nayo usiku akikutana na panya.

Ndiyo maana hujaribu mengine kwanza. Hujaribu kutoonekana. Kifutu analala kwenye majani makavu ya miombo akiwa na rangi ile ile ya majani, na atanyamaza hata ukipita hatua moja kutoka alipo. Watu wengi anaowauma ni wale waliomkanyaga, kwa sababu yeye hutegemea kujificha na wala si mkimbiaji. Kujificha kukishindikana, wengi hukimbia. Njia ikizibwa ndipo vitisho huanza: kifutu hujaza mapafu hewa na kuitoa kwa mfoko unaosikika mbali, fira hutanua shingo, swila hutema sumu ikulenge machoni hata ukiwa umbali wa mita mbili. Nyoka wengi wasio na sumu hutikisa ncha ya mkia kwenye majani makavu. Wengine hurusha kichwa kuelekea kwako mdomo ukiwa umefungwa, ngumi ya mtu asiyetaka kupigana. Na wapo wanaomwaga haja pamoja na majimaji ya tezi zilizo karibu na tundu lake, harufu ambayo sabuni ya mche haiiondoi kwa kufua mara moja. Wafugaji wengi hukutana na uchafu huo kabla ya kukutana na meno.

Ninayempenda kuliko wote katika sanaa hii ni nyoka mla mayai, ambaye tunaye huku kwetu. Kinywa chake hakina meno ya maana. Anameza yai zima na kulivunja ndani ya koo kwa miiba ya uti wa mgongo. Akibanwa hujikunja kama kiatu cha farasi, akasugua magamba ya ubavu mmoja kwa mwingine mpaka yatoe sauti ya msumeno, kisha akafungua mdomo mweusi na kujirusha kwa ukali wa nyoka mwenye sumu kali. Ni maigizo matupu, na yanamgharimu. Mwewe huenda akaogopa, lakini binadamu anachukua jembe.

Je, ni kweli kwamba meno huja mwisho, au ni maneno ya wapenda nyoka? Mwaka 2002 watafiti Whitfield Gibbons na Michael Dorcas walichapisha jaribio walilofanya kwa nyoka wa majini wa kusini mwa Marekani, mwenye sumu na sifa mbaya ya kumfuata mtu. Walisimama karibu naye, wakamkanyaga kwa buti, wakamwinua kwa mkono wa bandia. Kati ya nyoka 36 walioinuliwa, waliong'ata mkono ule ni 13. Wengine walitishia, walifoka, walijaribu kuondoka. Nisieleweke vibaya, 13 kati ya 36 ni wengi mno ikiwa mkono ni wako. Ila ukifikiria kwamba nyoka ametolewa porini, akanyanyuliwa na jitu asilolijua, unaona jinsi alivyo mgumu kutumia silaha yake.

Mwaka 2024 watafiti wa Brazil walikwenda mbali zaidi. Walichukua jararaca 116, nyoka mwenye sumu wa huko, na kukanyaga karibu yao au juu yao kidogo kidogo zaidi ya mara 40,000, wakiwa wamevaa buti maalumu. Walikuta wadogo wanauma zaidi kuliko wakubwa, majike zaidi kuliko madume, na joto likipanda uwezekano wa kuuma nao ukapanda. Wahenga walisema mtoto wa nyoka ni nyoka. Kwa jararaca mtoto ni nyoka na nusu. Na ina mantiki: kila ndege, kila nguchiro, hata chura mkubwa anaweza kummeza mtoto wa nyoka. Wanaofuga chatu watakwambia jambo hilo hilo, kwamba mwenye urefu wa mkono hurukia kila kivuli, na akishapevuka hupoa.

Kutulia kwa aina mbili

Sasa turudi kwenye video. Tatizo la nyoka ni kwamba hana uso wa kusoma. Mbwa akiogopa mkia unaingia katikati ya miguu, masikio yanalala. Paka anavimba. Nyoka hana kope, hana nyusi, hana midomo ya kukunja. Kwa hiyo tunamsoma kwa kipimo kimoja: anajongea au hajongei. Akitulia tunasema kakubali.

Lakini kutulia ni mojawapo ya silaha zake za kwanza kabisa, kama tulivyoona kwa kifutu. Yupo chatu mdogo wa Afrika Magharibi, anayetoka Ghana, Togo na Benin, ambaye leo ni mmoja wa nyoka wanaofugwa zaidi duniani. Wamarekani humwita chatu wa mpira, kwa sababu akiogopa hujiviringisha kuwa donge, kichwa kikiwa katikati. Unaweza kumbingirisha. Wapo watu waliomnunua kwa sababu hiyo hiyo, eti ni mpole. Aliyejiviringisha hivyo amefunga milango na madirisha yote na anasubiri jambazi aondoke.

Kumtofautisha aliyetulia kwa amani na aliyeganda kwa hofu kunataka uangalie vitu vidogo. Ulimi ndio wa kwanza. Nyoka anayechunguza hutoa ulimi polepole, unapanda na kushuka, unakusanya chembe za harufu na kuzipeleka kwenye kile kiungo cha kaakaani. Huyo anauliza maswali. Ulimi ukikoma kabisa huku macho yakikuelekea, ameacha kuuliza. Pumzi ni ya pili: chatu aliyetulia kweli hupumua usione, aliyeogopa mbavu zake zinatanuka. Cha tatu unakisikia kwa mikono zaidi ya kukiona. Mwili wa nyoka mwenye amani ni mzito na laini, unamiminika kutoka kiganja hadi kiganja. Wa mwenye hofu ni mgumu kama kamba iliyolowa ikakaukia juani, na ukimgusa mahali papya anashtuka kwa mshtuko mfupi wa misuli. Shingo ikijikunja mara mbili kama herufi S na kichwa kikarudi nyuma, muda wako umeisha.

Na usidhani kuna onyo baada ya hapo. Mwaka 2016 watafiti David Penning, Baxter Sawvel na Brad Moon walipima kasi ya nyoka kurusha kichwa, wakagundua kwamba nyoka wa panya wa Marekani asiye na sumu hachelewi nyuma ya wale wenye sumu. Huifikia shabaha ndani ya milisekunde 50 hadi 90. Kufumba na kufumbua jicho kunachukua kama milisekunde 200. Yaani anafika kabla hujamaliza kufumba.

Ndani ya ule utulivu moyo unadunda. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Loma Linda, California, mwaka 2023 waliwafunga nyoka wa njuga vifaa vya kupima mapigo ya moyo, wakawasumbua ndani ya ndoo. Mapigo yalipanda, kama unavyotarajia. Kilichonishangaza ni kwamba aliyewekwa na nyoka mwenzake mapigo yake hayakupanda sana kama ya aliyekuwa peke yake. Tumezoea kusema moyo wa nyoka ni baridi. Kumbe naye akishikwa mkono na mwenzake, ingawa hana mkono, anapata nafuu.

Mkono wako unavyofika kwake

Fikiria maadui wa nyoka katika msitu wa Ugalla au vichaka vya Sikonge. Tai mla nyoka anashuka kutoka juu. Ndege aitwaye karani tamba anakanyaga kichwa kwa mguu mrefu. Nguchiro na nyegere wanadaka nyuma ya kichwa. Sasa angalia mtu asiyejua anavyomshika nyoka: anatoka juu, haraka, na anakwenda shingoni. Ameigiza maadui wote wa nyoka kwa pigo moja.

Ongeza jinsi nyoka anavyoisikia dunia. Hana tundu la sikio nje, ila sikio la ndani analo, na limeungana na mfupa wa taya. Taya likilala chini, mtetemo wa ardhi unapanda hadi ubongoni. Zamani tulifundisha darasani kwamba nyoka ni kiziwi wa sauti ya hewani, nami nililiandika ubaoni kwa mwandiko mzuri. Si kweli. Sauti nzito anazisikia pia. Mwaka 2023 watafiti wa Queensland, Australia, waliwachezea sauti nyoka 19 wa jamii mbalimbali. Wengi walisogea mbali na sauti, na chatu wa jangwani akasogea kuielekea. Basi mweke chatu mita chache kutoka kwenye spika ya maonyesho inayopiga besi mpaka vikombe vya chai vinacheza mezani, halafu umwambie mtu kwamba nyoka kalala. Ngoma ile inamtetemesha mwili mzima kuanzia taya hadi mkia.

Chatu ana zawadi nyingine: vishimo vidogo kwenye midomo vinavyohisi joto. Kiganja chako kwake ni moto unaowaka gizani. Kwenye video ya mpwa wangu kulikuwa na viganja vya watu zaidi ya kumi vikimkaribia kwa wakati mmoja, vingine kutoka juu, vingine pembeni. Angeficha kichwa wapi zaidi ya chini ya mwili wake mwenyewe?

Njaa haina uhusiano na hasira

Kijana wa kuku wa kuchoma sasa. Aliumwa na nyoka aliyekuwa akiwinda, na tofauti yake na nyoka anayejihami inaonekana kwa macho ukijua pa kutazama. Anayejihami hugonga na kuachia mara moja, anataka uondoke. Anayewinda hudaka, hang'oi meno, na hujiviringisha, kwa sababu anataka ubaki. Kabla ya hapo mwili umeshasema: anayejihami anajivuta nyuma, mdomo wakati mwingine wazi, anafoka, anayewinda yuko kimya, ulimi unatoka harakaharaka, kichwa kinasogea mbele kikifuata kinachocheza.

Chatu yule alikuwa na sababu zote. Giza la sanduku, joto, utulivu, huenda na siku kadhaa bila chakula kwa sababu wenye maonyesho hawapendi nyoka atapike mbele ya watu. Kifuniko kikafunguka. Harufu ya kuku. Kitu chenye joto kinacheza. Kwenye akili ya chatu hakukuwa na swali lililobaki. Wafugaji wazoefu hulijua jambo hili kiasi kwamba hawaingizi mkono hivi hivi: humgusa nyoka kwanza ubavuni kwa fimbo yenye ncha iliyopinda, au kwa gazeti lililokunjwa, mguso wa taratibu usiofanana na windo. Ulimi ukitoka polepole, ndipo mkono unafuata, umeoshwa kwa sabuni, ukitokea pembeni.

Akishakudaka, usivute. Meno ya chatu yamepinda kuelekea kooni, kwa hiyo ukivuta unajichana mwenyewe na kumng'oa meno. Mkunjue kuanzia mkiani, ambako nguvu ni ndogo, na kumwagiwa maji baridi kinywani huwafanya wengi waachie. Kidonda kioshwe kwa sabuni na maji mengi, na ulizie sindano ya pepopunda. Kijana wa Ipuli yeye alivutwa na watu watatu kila mmoja upande wake. Naambiwa alama bado anazo.

Siku ambazo hata mpole hashikiki

Nyoka yule yule uliyemshika juzi anaweza kuwa mtu mwingine leo. Anapokaribia kujivua gamba (lile halisi, siyo la kaulimbiu ya wanasiasa wetu wa CCM ya 2011) kigamba kinachofunika jicho hupata rangi ya maziwa na buluu, na kwa siku kadhaa haoni sawasawa. Asiyeona hurukia kila kivuli. Jike lenye mayai usiliguse. Chatu jike wa kwetu hujizungusha juu ya mayai mpaka yaanguliwe, na hana mzaha.

Aliyekula pia aachwe. Wafugaji husubiri angalau saa 48, zaidi kama mlo ulikuwa mkubwa, kwa sababu nyoka mwenye tumbo zito hawezi kukimbia, na akiona hatari hutapika windo zima ili awe mwepesi. Kutapika huko ni kujihami pia, ingawa sisi tunakuita ugonjwa. Kuhusu joto matokeo ya Brazil yanatupa tahadhari, lakini nisingependa uchukue hesabu ya jararaca na kumwekea chatu wako. Ninachoweza kusema ni kwamba nyoka wa asubuhi ya Juni hapa Tabora, tunapotoka na makoti, na nyoka wa mchana wa Oktoba ni viumbe viwili kwa kasi.

Je, nyoka anaweza kuzoea?

Anaweza, ila si kwa namna mpwa wangu anavyodhani. Hakuna ushahidi kwamba nyoka anakupenda kama mbwa. Anachojifunza ni kitu kidogo na cha thamani: kwamba mkono huu, wenye harufu hii, umekuja mara nyingi na haujawahi kumla. Kila ujio usio na madhara unapunguza hofu kidogo. Dakika tano hadi kumi, mara kadhaa kwa wiki, zinafaa kuliko saa nzima ya Jumapili. Mbebe kwa mikono miwili chini ya tumbo, mwache apite mwenyewe kutoka kiganja hadi kiganja, usimbane. Nyoka aliyebanwa anajua kashikwa. Aliyebebwa anajua anatembea.

Wafugaji hubishana sana juu ya jambo moja. Wengine husema nyoka akikugonga usimrudishe haraka kwenye kizimba, utamfundisha kwamba kugonga kunamletea amani. Mshikilie mpaka achoke. Mimi sikubaliani na kumshikilia mpaka achoke. Aliyechoka kupigania maisha yake anafanana sana na aliyetulia, na tumerudi pale pale kwenye video. Njia yangu ni kumrudisha mapema, pale ulimi unapokoma na shingo inapoanza kurudi nyuma, kabla hajaona haja ya kugonga. Hapo atakuwa amejifunza kwamba onyo dogo linatosha.

Huku Unyamwezini na Usukumani jambo hili lina wenyewe. Wayeye, chama cha watu wa nyoka, wamecheza na chatu na nyoka wa sumu tangu enzi za babu zetu, na wana chanjo na dawa zao ambazo si kazi yangu kuzieleza. Nilichokiona utotoni kwenye ngoma, na ambacho nilikielewa baada ya kusoma, ni mikono yao. Walivyombeba chatu, hakuna aliyemkaba. Mwili wake ulilala mabegani na kwenye mikono iliyofunguliwa, na kichwa kiliachwa kiende kinakotaka, mchezaji akigeuka nacho. Sisi watoto tulidhani nyoka anacheza ngoma. Ni mtu aliyekuwa akimfuata nyoka.

Usitoke hapo ukaenda kuokota wako porini. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kumkamata wala kumfuga mnyamapori bila kibali, na chatu yumo pia kwenye mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Ukiacha sheria, nyoka wa porini amekuja na kupe wake, minyoo yake na kumbukumbu yake yote ya tai na nguchiro. Aliyezaliwa kizimbani huanzia mahali tofauti kabisa. Na chatu wetu hukua. Anaweza kupita mita nne, na nguvu zake si za mzaha: Agosti 2013, huko Campbellton nchini Kanada, chatu wa Afrika aliyetoroka kizimbani aliwaua watoto wawili waliokuwa wamelala. Mkubwa hashikwi na mtu mmoja peke yake, hata akiwa mpole kiasi gani.

Na kuna wale ambao ujuzi wote huu hauwahusu. Yupo nyoka mdogo mweusi anayeishi chini ya udongo, unaweza kumfukua ukilima viazi, anayeonekana kama mnyoo mkubwa asiye na hatia. Watu humshika nyuma ya kichwa wakijua ndiko salama. Meno yake ya sumu hutokeza pembeni mwa mdomo ukiwa umefungwa, na humchoma aliyemshika kidole kwa kugeuza shingo kidogo tu. Hakuna namna salama ya kumshika kwa mkono, wala hakuna dawa iliyotengenezwa kuzuia sumu yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba nyoka wenye sumu na wasio nayo huwauma watu milioni 5.4 kila mwaka, na kati ya watu 81,000 na 138,000 hufa. Usiyemjua, mwache. Akikuuma usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukaza, na lile jiwe jeusi la nyoka liache sokoni lilipo; tuliza kiungo kilichoumwa kisicheze, uwahishwe hospitali.

Wiki iliyopita mpwa wangu alinitumia video nyingine. Safari hii kasimama mbali, kama mita tatu, mlangoni mwa stoo ya mahindi nyumbani kwao Isevya. Ndani, juu ya maganda makavu, kuna nyoka mwembamba wa rangi ya kahawia, kajikunja pembeni ya gunia, na ncha ya mkia wake inatetemeka mpaka maganda yanalia kama mvua ya kwanza kwenye bati. Kijana anapumua kwa nguvu, unamsikia. Anauliza kwa kunong'ona: "Shangazi, huyu anasema nini?"

Nikamwandikia: "Anasema mlango ni mmoja, na wewe umesimama hapo."

Kwenye sekunde za mwisho picha inayumba. Anasogea kando.